Hodi isiyoitikiwa: mwongozo kamili wa kutafuta hitilafu za intarapti kwenye kompyuta yenye prosesa nyingi

"Mwanangu, hii ni kibodi ya tatu," mama mhasibu aliniambia, akinyoosha kidole juu ya kabati la mafaili ambako mbili za mwanzo zilikuwa zimelazwa. Ofisi yao iko hapa Moshi, si mbali na Double Road. Seva ni mtumba kama mitumba mingine ya Kiborloni, ila huu una soketi mbili za prosesa na Linux ndani, na unabeba mafaili ya hesabu pamoja na picha za kamera nne za ulinzi. Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Tangu hapo ukibonyeza herufi unasubiri, halafu zinatoka tatu kwa mpigo.

Kibodi zote tatu zilikuwa nzima. Siku ile mimi ndiye niliyefanya kosa, na nitalieleza likifika zamu yake.

Kifaa chochote ndani ya kompyuta kikiwa na jambo, iwe kibodi, diski au kadi ya mtandao, hakiingii tu. Kinapiga hodi. Prosesa inaacha ilichokuwa inafanya, inaitikia, inamhudumia mgeni, kisha inarudi kazini. Hodi hiyo ndiyo intarapti. Nyumba ikiwa na mtu mmoja, hakuna swali la nani aende mlangoni. Ikiwa na watu kumi na sita, lazima awepo wa kuamua. Kwenye kompyuta zetu za kawaida kazi hiyo ni ya APIC: kila prosesa ina yake ya ndani, na ubaoni kuna nyingine iitwayo IO-APIC, ambayo mara nyingi ina miguu 24 ya kupokelea hodi. Kabla yake kulikuwa na chipu mbili za 8259 zilizofungwa pamoja, zikatoa laini 15 tu za kutumika, zote zikielekea kwa prosesa moja. Vifaa vya kisasa havivuti waya kabisa. Vinaandika ujumbe mfupi kwenye anwani ya kumbukumbu, njia inayoitwa MSI, ambayo inakipa kifaa kimoja hodi hadi 32, au MSI-X, hadi 2048.

Shika hizo njia tatu, yaani 8259, IO-APIC na MSI. Nusu ya utafutaji ni kujua kifaa chako kinatumia ipi.

Hatua ya kwanza: hesabu kabla ya kugusa

Usizime mashine. Usichomoe kitu. Andika amri hizi kwanza:

cat /proc/cmdline
uname -r
sudo dmesg > logi.txt
cat /proc/interrupts > hodi1.txt
sleep 10
cat /proc/interrupts > hodi2.txt

Namba za kwenye /proc/interrupts ni jumla tangu mashine iwashwe, kwa hiyo faili moja peke yake haikwambii mengi. Diski iliyopiga hodi milioni tisa huenda imekaa miezi mitatu bila kuzimwa. Unachotafuta ni tofauti ya faili mbili ndani ya sekunde kumi. Ukipenda kuona kwa macho zinavyokimbia:

watch -n1 -d cat /proc/interrupts

Usishtuke pia ukikuta namba imerudi chini. Kihesabio kinafika 4,294,967,295 halafu kinaanza upya sifuri. Kifaa kinachopiga hodi elfu moja kwa sekunde kinakamilisha mzunguko huo kwa takribani siku 50.

Sasa jifunze kusoma mstari mmoja vizuri. Huu ni wa ile seva ya Double Road, nimepunguza safu za prosesa zibaki nne:

16:   100001   0   0   0   IO-APIC   16-fasteoi   ehci_hcd:usb1, bttv0

Namba 16 ni laini. Safu nne zinazofuata ni idadi ya hodi zilizoitikiwa na CPU0, CPU1, CPU2 na CPU3. Neno IO-APIC linakwambia njia. "Fasteoi" kwa kawaida utaiona kwenye laini ambazo kifaa kinabonyeza kengele na kuendelea kuishikilia mpaka kihudumiwe. Ingeandikwa "edge", basi kinagonga mara moja na kuachia. Mwisho kuna majina, na hapa yako mawili: kidhibiti cha USB na kadi ya kunasa picha za kamera. Wapangaji wawili, kengele moja. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia.

Hatua ya pili: tambua umbo la tatizo

Intarapti zinaharibika kwa namna nne ninazozifahamu, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza, hodi zinapigwa na hakuna anayeitikia. Ya pili, zote zinamwangukia mtu mmoja. Ya tatu, ni mafuriko: kifaa kinagonga mfululizo kama mgeni aliyelewa. Ya nne ni kinyume chake, kifaa kina jambo lakini hodi haifiki. Ukichanganya, utampa mgonjwa wa malaria dawa ya meno.

Hodi isiyoitikiwa

Alama yake haifichiki. Tafuta hivi:

grep -A20 "nobody cared" logi.txt

Utaona kitu kama irq 19: nobody cared (try booting with the "irqpoll" option), chini yake orodha ya waliotakiwa kuitikia, na mwisho Disabling IRQ #19. Maana yake, kerneli, yaani kiini cha Linux, imehesabu hodi 100,000 za laini hiyo na zaidi ya 99,900 zimekosa mwenyewe. Iliuliza kila draiva (programu inayokiendesha kifaa) iliyosajiliwa pale, "Huyu mgeni ni wako?", wote wakasema si wangu. Ikachoka, ikaikata kengele. Rudi juu uangalie ule mstari wa 16: hodi zimeganda kwenye 100001. Namba iliyoganda karibu na laki moja, ukiiona, nenda moja kwa moja kwenye logi, yaani ujumbe wa kerneli uliouhifadhi kwenye logi.txt.

Kengele ikishakatwa, wapangaji wote wa laini hiyo wanaumia, hata asiye na hatia. Hawafi kabisa. Kerneli inapitia kuchungulia mara kama kumi kwa sekunde, ndiyo maana kibodi ya mama iliandika kwa mafungu badala ya kunyamaza.

Kumpata mkosaji, anza na kujua nani anakaa pale:

lspci -v | grep -B12 "IRQ 16"

Halafu toa draiva mmoja mmoja kwa modprobe -r, ukianza na kifaa ambacho ofisi inaweza kukikosa kwa nusu saa. Draiva mwenye kasoro akitoka, hodi zinatulia. Lakini kama kifaa chenyewe kimeungua, kutoa draiva hakusaidii, maana chuma kinaendelea kuishikilia kengele hata kama hakuna programu inayokisemea. Hapo unahitaji bisibisi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha kuhamisha sloti. Kila sloti ya PCI ina waya nne za hodi, A hadi D, na watengenezaji wa ubao wanazizungusha ili sloti jirani zisiangukie laini moja. Kwa hiyo zima mashine kabisa, chomoa waya wa umeme ukutani, subiri taa ndogo ya ubaoni izimike, kisha hamisha kadi. Washa, soma logi tena. Tatizo likihama na kadi, kwa mfano kutoka 16 kwenda 18, kadi ndiyo mbovu. Likibaki 16 ilhali kadi haipo tena, shuku ubao au BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya ubao), na hapo kusasisha BIOS kuna maana.

Tofautisha pia kurestati na kuzima kabisa. Vifaa vingine havisahau hali yao mashine inaporestatiwa. Kasoro inayoonekana baada ya kurestati na kutoweka ukizima na kuchomoa waya, inakuambia kifaa kiliachwa katikati ya jambo na draiva mpya haikukisafisha.

Kosa langu

Siku ile sikufanya lolote kati ya hayo. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mama anataka kufunga ofisi, nami nina abiria mwenzangu wa kwenda Arusha ananipigia simu kila dakika. Nikasoma ule ujumbe, nikafungua /etc/default/grub, faili la GRUB, programu inayoiwasha Linux, nikaongeza maneno matatu kwa pamoja:

noapic pci=nomsi irqpoll

Nikaendesha update-grub, nikarestati. Kibodi ikaandika. Nikalipwa, nikaondoka.

Hebu tazama nilichokifanya. "Irqpoll" inaiambia kerneli, hodi ikikosa mwenyewe, izungukie draiva wote wa nyumba nzima ikiwauliza, na kila saa ya ndani ya mashine ikigonga, iulize tena. Inafanya kazi, kwa gharama. "Pci=nomsi" inazizuia kadi zote kutumia ujumbe, zirudi kugombania waya. "Noapic" inaizima IO-APIC, ukabaki na zile laini 15 za kale, na hodi zake zote zinaenda CPU0. Nilikuwa nimeichukua seva ya watu kumi na sita nikawafungia kumi na watano chumbani.

Baada ya miezi michache wakanipigia: mtandao wa ofisi unakuwa mzito kila alasiri. Walikuwa wameshagombana na kampuni ya intaneti mara mbili. Nilipofungua /proc/interrupts, mahali palipotakiwa kuandikwa IO-APIC na PCI-MSI paliandikwa XT-PIC, yaani zile 8259 za kale, juu mpaka chini. Ndiyo maana leo amri yangu ya kwanza kabisa ni cat /proc/cmdline, inayoonyesha maneno ambayo kerneli iliwashwa nayo. Kagua kwanza kama ugonjwa unaouona ni mabaki ya dawa ya fundi aliyepita, hata kama fundi huyo ni wewe.

Nilifuta maneno yote matatu, ujumbe wa "nobody cared" ukarudi kama nilivyotarajia, nikahamisha kadi ya kamera. Ukahama kutoka 16 kwenda 18. Kadi ilikuwa imekufa tangu usiku ule wa umeme.

Kama ni lazima utumie maneno hayo, weka moja kwa wakati, na uyaandike kwa muda kwa kubonyeza herufi e kwenye menyu ya GRUB, si ndani ya faili. Mpangilio wangu: kwanza pci=nomsi ikiwa kifaa kinachosumbua kinatumia MSI; kisha acpi=noirq, inayoizuia ACPI (mfumo wa kusimamia umeme na vifaa vya ubaoni) kupanga laini za hodi; noapic baadaye sana; irqpoll ni ya kuokolea data usiku mmoja tu.

Hodi zote kwa prosesa moja

Hapa watu wengi wanaona ugonjwa usiokuwepo. Laini moja kuhudumiwa na prosesa moja ni kawaida kabisa, na mara nyingi ni vizuri, kwa sababu data ya kifaa hicho inabaki kwenye kashe ya prosesa ileile. Ukikuta eth0 (kadi ya mtandao) yote iko CPU2 na diski yote iko CPU5, usiguse. Tatizo ni pale laini zote zenye kazi zinapoijaa CPU0 na nyingine zinapiga soga. Pima (kifurushi kinaitwa sysstat):

mpstat -P ALL 2

Tazama safu za %irq na %soft, yaani muda unaotumika kuitikia hodi na kumalizia kazi zake. CPU0 ikiwa na %soft ya 90 na nyingine ziko chini ya 3, na kwenye top unaiona ksoftirqd/0, inayomalizia kazi za hodi kwenye CPU0, imekaa kileleni, umempata.

Anza kwa kuuliza kama mgawaji yupo kazini: systemctl status irqbalance. Kwenye mashine nyingi nilizoshika, kuiwasha tu kumemaliza kazi. Kama haitoshi, panga kwa mkono. Tuseme kadi ya mtandao iko kwenye laini 45 na unataka ihudumiwe na CPU2 au CPU3:

echo 2-3 | sudo tee /proc/irq/45/smp_affinity_list
cat /proc/irq/45/effective_affinity_list

Nimetumia tee kwa makusudi. Ukiandika sudo echo ukafuatisha alama ya >, utakataliwa, kwa sababu kuandika faili kunafanywa na sheli yako isiyo na mamlaka, si na sudo. Faili la pili linakuonyesha hodi inaenda wapi kweli, tofauti na ulikoomba iende.

Kuna faili jingine lenye jina smp_affinity bila "list". Hilo linasoma namba za msingi wa kumi na sita: CPU0 ni 1, CPU1 ni 2, CPU2 ni 4, CPU3 ni 8, CPU4 ni 10, CPU5 ni 20. Ishirini hiyo si ishirini. Nimeshaona mtu akiandika 5 akidhani anaichagua CPU5, kumbe amezichagua CPU0 na CPU2. Tumia lile la "list", ulale vizuri.

Mambo mawili yatakusumbua. Irqbalance ikiwa hai inaweza kuja nyuma yako na kupanga upya; isimamishe au ipe --banirq=45. Pili, laini nyingine zinakataa kuhamishwa na kurudisha Input/output error, hasa za diski za NVMe. Huo si ubovu. Kerneli yenyewe imezigawa foleni za diski kwa kila prosesa na haitaki mkono wa mtu.

Kadi ya mtandao ikiwa na foleni moja tu, kuhamisha laini ni kuhamisha mzigo kutoka bega hili kwenda lile. Angalia idadi ya foleni kwa ethtool -l eth0, na kama kadi inaruhusu, ongeza kwa ethtool -L eth0 combined 4. Isiporuhusu, kama kadi nyingi za bei rahisi, acha hodi ipokelewe na mmoja lakini kazi ya ndani igawanywe:

echo f | sudo tee /sys/class/net/eth0/queues/rx-0/rps_cpus

Hiyo f ni CPU0 hadi CPU3. Kwenye mashine ya soketi mbili kuna swali moja zaidi: kadi iko upande wa soketi ipi? Soma /sys/class/net/eth0/device/numa_node. Ikijibu 0, chagua prosesa za upande wa 0, ambazo lscpu itakutajia. Ikijibu -1, ubao hausemi, endelea tu.

Mafuriko

Dalili ni feni kupiga kelele wakati mashine haina kazi, na top kuonyesha kworker, kibarua wa kerneli, ikila prosesa moja bila kuachia. Kwenye laptopu na kompyuta ndogo za mezani mkosaji mara nyingi ni laini ya 9, iliyoandikwa acpi. Chimba zaidi:

grep . /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe* | grep -v " 0 "

Kila mstari ni chanzo kimoja cha ACPI, isipokuwa gpe_all, ambao ni jumla ya vyote. Rudia baada ya sekunde kumi. Kimoja kikiwa kimeongezeka kwa maelfu, tuseme gpe6F, kizime kwa majaribio:

echo disable | sudo tee /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe6F

Feni itatulia ndani ya dakika. Kabla hujasherehekea, funga na ufungue mfuniko wa laptopu, chomeka na uchomoe chaja, jaribu vitufe vya mwanga wa skrini, kwa sababu chanzo hicho huenda ndicho kilikuwa kinapeleka habari za mojawapo. Mwenye mashine akiridhika, weka acpi_mask_gpe=0x6F kwenye GRUB, na ujaribu BIOS mpya kama ipo.

Hodi isiyofika

Hii ndiyo inayochosha zaidi, kwa sababu /proc/interrupts inaonekana safi. Kifaa kinafanya kazi, kinasimama sekunde kadhaa, kinaendelea. Soma logi. Mtandao utakuambia NETDEV WATCHDOG na maneno transmit queue 0 timed out. NVMe ina ujumbe mzuri kuliko wote: timeout, completion polled. Huo unasema kerneli ilisubiri hodi, ikakata tamaa, ikaenda kuchungulia yenyewe, na ikakuta kazi ilishamalizika zamani. Diski nzima, data nzima, hodi imepotea njiani. Hapa pci=nomsi ni jaribio halali. Likisaidia, umejua kasoro iko kwenye njia ya ujumbe, basi tafuta kerneli mpya au firmware mpya ya kifaa.

Jaribio lingine ni kuwasha na prosesa moja tu, maxcpus=1. Tatizo likitoweka, shuku ugawaji wa hodi. Likibaki vilevile, shuku kifaa.

Ile mistari ya chini isiyo na namba

RES, CAL na TLB ni prosesa zinazoitana zenyewe kwa zenyewe. Zikipanda, tafuta programu yenye nyuzi nyingi, usishike bisibisi. LOC ni saa ya kila prosesa. NMI, hodi ambayo prosesa haiwezi kuipuuza, huongezeka polepole mlinzi wa kerneli akiwa amewashwa. Lakini logi ikisema NMI imepokelewa kwa sababu isiyojulikana, ikafuatisha Dazed and confused, but trying to continue, shuku kumbukumbu au umeme usiotulia. ERR ikiwa si sifuri na inapanda, APIC zenyewe zinalalamika.

TRM ni joto. Hapa kwetu kiangazi ndiyo ninaitazama mapema kuliko zote. Seva ya Double Road ilikuwa na 412 siku ya pili niliyoifungua, na nilipotoa kifuniko nikakuta mapezi ya kipoza cha soketi ya pili yamezibwa na vumbi jekundu lililoshikana kama unga wa uji uliomwagikiwa maji. Brashi ya rangi ya inchi moja, dakika kumi, huku umeshika feni kwa kidole isizunguke. Siku iliyofuata mstari ule ulisoma sifuri safu zote, na kwenye laini ya 16 lilikuwa limebaki jina moja tu, ehci_hcd:usb1.

Kadi mbovu iko kwenye droo yangu, nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito "16, 18". Kibodi mbili za ziada nilizinunua kwa mama nusu bei, na moja ndiyo hii ninayoandikia.